Mpira Niliousafisha

Watu wa kwetu wakisimulia miaka ile ya mwanzo ya Maskati, kila mmoja alikuwa shujaa. Huyu alimjibu askari jibu bovu, yule alipita lango la mji usiku bila ya taa iliyoamriwa, mwengine alivuta sigara mbele ya wakubwa na hakuna aliyemgusa. Wallahi sijui mashujaa wote hao walikuwa wakikaa mtaa gani, maana mimi sikuwaona. Mimi nilimwona baba yangu akipunguza sauti ya redio mpaka akawa anaiegemeza sikioni, na mama yangu akituonya tuseme Kiarabu tukipita uchochoroni, ingawa Kiarabu chetu kilikuwa cha kuwachekesha mbuzi. Na mimi mwenyewe nilikuwa mwoga. Si woga wa kusema, woga wa kuumwa tumbo. Natanguliza hili ili mtu asije akanitarajia mengine.

Tulikuwa watatu, Baba, Mama na mimi, na tukikaa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa la ami yake Baba, Matrah, ubavuni mwa Maskati, ndani kabisa ya vichochoro. Tulifika baada ya mapinduzi ya Unguja, mwaka wa sitini na nne, na tuliruhusiwa kushuka kwa sababu mzee huyo alikwenda kwa wakubwa akasimama dhamana: hawa ni damu yangu, kosa lao ni kosa langu. Siku hizo kila kitu kilitaka ruhusa, na ruhusa yetu ilikuwa ni ulimi wa mzee mmoja tu. Mwaka wa tatu ulimi ule ukachoka. Alimwambia Baba mbele yetu, kwa upole, jambo ambalo lilinitisha zaidi kuliko kama angepiga kelele: "Mwanangu, mpaka Ramadhani. Ukipata kazi ya kukuandikia karatasi, mtakaa. Usipopata, mimi sina tena uso wa kurudi kule. Itabidi wewe utoke, ukatafute kwengine."

Kazi zenyewe zilikuwa wapi? Mafuta ndiyo kwanza yalikuwa yakianza kuuzwa, na kambi ya mafuta ilikuwa nje ya mji, na kuingia kule kulitaka mtu wa kukujua. Baba alikuwa hajulikani na mtu. Unguja alikuwa karani wa stoo katika kituo cha Wamarekani, wale waliokuwa wakifuatilia vyombo vyao vya angani, na alikuwa karani wa aina ambayo siku hizi haizaliwi. Alikuwa akijua kila parafujo ilipolala. Mama akimtania kwamba angeoa rafu za stoo kama sheria ingeruhusu.

Wamarekani walipoondolewa Unguja, fundi mmoja wa mitambo alimjia Baba na kibati cha biskuti. Ndani yake mlikuwa na soksi, na ndani ya soksi mpira. Si mpira wa kupiga kwa miguu. Ulikuwa mdogo, mgumu, wa ngozi, wa mchezo wao wa besiboli, ule wa kurusha na kupiga kwa gongo. Marehemu baba yake fundi alikuwa mrushaji katika timu ya mji mdogo, katika ligi ndogo ambayo ilikufa zamani, na mpira ule ulitoka katika mechi yake kubwa kuliko zote. Tatizo ni kwamba ndugu yake fundi alikuwa na mpira mwengine kwao, akidai ndio wa kweli, na ndugu wawili hao walikuwa hawasemezani. Fundi aliogopa kupekuliwa njiani na kunyang'anywa. Akamwambia Baba: "Nitunzie. Wewe ndiye mtu pekee hapa ambaye hajanipotezea hata msumari."

Basi sisi tuliacha nyumba, tukaacha cherehani ya Mama, tukaja Maskati na mpira. Mama hakulisahau hilo. Kila akiona nguo imechanika alikuwa akisema, "Ngojeni, nitaishona kwa mpira."

Mara moja kwa mwaka Baba alikuwa akifungua kibati kuangalia kama wadudu hawajaingia, na mimi nilikuwa nikimsimamia begani. Mimi ni mshona kofia. Nilikuwa nikishona kofia za viua kwa ajili ya duka la yule mzee, na mtu akikaa miaka na sindano hawezi kuona uzi akaupita. Mpira ule ulikuwa vipande viwili vya ngozi vilivyokumbatiana, na mishono yake nilihesabu mia na nane, jozi jozi, nyuzi za rangi mbili, nyekundu na buluu iliyochakaa. Nilichokihusudu ni kwamba sikuona fundo. Aliyeshona alificha mwanzo na mwisho, na mimi nimezunguka na kidole mara ngapi sikuupata. Rangi ya ngozi ilikuwa ya chai ya maziwa, na haikuwaka, ilikuwa imefifia kila mahali. Ubavuni mlikuwa na doa la majani, na karibu yake jeraha jeusi lililobonyea kidogo. Kulikuwa na maandishi ya muhuri, jina la ligi na sahihi ya mkuu wake, na maandishi mengine ya wino ya mkono wa mtu. Kwa ufupi, kwa macho ya mtoto wa mama yangu, ulikuwa mpira mzuri ulioshonwa vizuri na kuachwa na uchafu.

Barua ya fundi ilikuja siku ya Jumanne, imeletwa na dereva wa kambi ya mafuta. Baba aliifungua amesimama, akasoma mistari ya juu tu, akapiga paja.

"Anakuja mtu kuchukua amana! Ijumaa! Mtu wa kambini!"

Akavaa viatu akateremka mbio kumwambia ami yake, barua mkononi. Mama naye akajitanda kwenda kwa jirani kuazima vikombe vya kahawa, na alipofika mlangoni akageuka. "Kipanguse hicho kibati, kina kutu. Kitu cha watu hakirudishwi kichafu."

Hilo kwetu si neno la kufikiriwa, ni kama kunawa kabla ya kula. Jirani akikuletea sahani ya chakula, sahani hairudi bila ya kuoshwa, tena hairudi tupu. Ukiazima kanga unaifua, unaipiga pasi, unaifukiza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka sana kusifiwa. Nikapangusa kibati. Kisha nikaifua soksi. Kisha nikautazama ule mpira, uko peke yake juu ya mkeka, mchafu vile, na nikaona aibu kwa niaba ya nyumba nzima.

Niliuosha kwa sabuni na ndimu, na mswaki mkuukuu kwenye mishono. Maji yakawa ya kijivu, nikamwaga, nikatia mengine. Doa la majani lilikuwa bishi, nikalikatia ndimu ya pili. Maandishi ya wino yalianza kwenda na maji, nikasita kidogo, lakini yalikuwa ya hovyo hovyo kama yaliyoandikwa na mtu anayekimbia, nikaona hayana hasara. Ulipokauka kwa jua kali la dirishani nikaupaka chaki ya raba, ile Baba aliyokuwa akipakia viatu vyake vya turubai. Ukatoka mweupe kama yai. Niliimba wakati nafanya kazi ile. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka, kwamba niliimba.

Niliurudisha ndani ya soksi, soksi ndani ya kibati, kibati juu ya rafu. Mama alirudi jioni na vikombe, na nyuma yake Baba, uso umemng'aa, akakaa kutusomea barua yote, anaigeuza Kiswahili neno kwa neno.

Anayekuja, fundi aliandika, ni rafiki yangu. Sasa ni mkuu wa stoo katika kambi ya mafuta, lakini ujana wake alikuwa refa wa besiboli katika ligi zile zile ndogo. Nimemwomba autazame mpira wa baba yangu na aandike karatasi, ili mimi na ndugu yangu tumalize ugomvi. Ataujua tu. Kabla ya kila mechi refa huchukua mipira mipya, inayong'ara, akaisugua kwa tope maalumu ili mkono wa mrushaji usiteleze. Mpira usio na tope haujapata kuchezwa, umetoka dukani. Wa ndugu yangu ni mweupe. Wangu una tope.

Baba alifika hapo akageuza ukurasa taratibu, ili mambo yaje kwa raha yake. Kisha akamaliza. "'Nimemwambia rafiki yangu anayetafuta karani: ukiukuta mpira kama nilivyouacha, basi karani wako wa stoo umempata.'"

Mama akapiga kigelegele. Alikipiga nusu, akajiziba mdomo kwa kiganja, maana majirani wangesikia, na kile kigelegele kilichozibwa kilitoka kama mtu aliyeungua. Baba alicheka mpaka akatokwa na machozi. Mimi nilikitazama kile kibati juu ya rafu.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukusema pale pale? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko yeye. Baba hakuwahi kunipiga. Lau kama angekuwa mtu wa kupiga, ningesema, ningepigwa, yangekwisha. Nilichokiogopa ni uso wake. Nilikuwa sijauona uso ule ukicheka tangu Unguja, na mimi ndiye niliyekuwa niuzime. Nikasema nitasema kesho. Kesho ikawa Jumatano, na Jumatano Baba akaanza kusema "stoo yangu".

Sikula. Mama alinitazama akasema, "Umekuwaje wewe, mbona kama umeona jini?" Nikasema tumbo, na haikuwa uongo. Kila mlango ulipogongwa chini dukani nilijua ni watu waliokuja kumchukua Baba na kumpeleka bandarini. Kila Baba aliponyoosha mkono kuelekea rafu nilishika ukuta. Lakini hakukifungua kibati. Mama alipomwambia ahakikishe, akajibu, "Nimeutazama Idi iliyopita, inatosha. Amana hufunguliwa mbele ya mwenyewe." Alikishika tu, akakisogeza kikae sawa na ukingo wa rafu. Alifanya hivyo labda mara kumi.

Alkhamisi baada ya adhuhuri Baba alikuwa bado msikitini na Mama amelala, na hapo ndipo woga wangu ulipopata akili. Akili ya woga, Mungu atuepushe nayo. Nilijiambia: mkono uliosafisha si ndio unaoweza kuchafua? Mimi kazi yangu ni kuiga. Nipe kofia yoyote ya zamani, nitakutolea ndugu yake usimjue nani mkubwa. Ule mpira nilikuwa naukumbuka wote. Nikachota tope la chini ya mtungi wa maji, nikachanganya na machicha ya kahawa mpaka nikapata ile rangi ya chai ya maziwa, nikaupaka kwa kidole, nikafuta kwa kitambaa, nikapaka tena. Kwa lile doa la majani nikasugua majani ya mbuzi wa jirani. Maandishi ya wino tu ndiyo sikuthubutu kuyaiga. Nilipomaliza niliunyanyua kwenye mwanga wa dirisha nikaona, ndio, ni wenyewe.

Kisha nikaunusa. Ulinuka kahawa.

Kila Alkhamisi mimi ndiye niliyekuwa nikifukiza nguo za Baba za kwenda msikitini Ijumaa. Chetezo kilikuwa tayari na makaa. Nikaufukiza ule mpira kwa ubani, nikaugeuza huku na huku mpaka harufu ya kahawa ikapotea. Nikaona nimemaliza kazi yangu vizuri. Woga lakini haukupungua, uliongezeka, maana sasa nilikuwa na mambo mawili ya kuficha.

Yule mgeni alikuja Ijumaa baada ya sala, na mimi nimemwita Refa tangu siku hiyo. Alikuwa mtu mrefu mno kwa chumba chetu, mwekundu wa shingo, na alikaa juu ya mkeka kwa tabu, magoti yako juu kama panzi. Baba alikuwa amevaa kanzu yake nzuri. Mimi na Mama tulikuwa nyuma ya pazia, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba, na pazia lilikuwa jepesi. Mama hakujua Kiingereza. Mimi nilikisoma skuli Unguja, kwa hiyo kila neno lilinifika.

Refa alikula halua, akanywa kahawa vikombe viwili, akasifu vyote. Kisha akasema, "Tuuone mzee wetu." Baba akamwekea kibati mbele yake, akaondoa mikono yake kabisa, akaiweka mapajani.

Mgeni aliutoa mpira kwenye soksi na papo hapo nyusi zake zikakutana. Aliupeleka puani. Akatoa lenzi mfukoni, akajongea dirishani na magoti yake yale, akauzungusha taratibu, nukta baada ya nukta. Sijui ni muda gani. Mama alininong'oneza, "Anasemaje?" Nikamwambia hajasema. Nilikuwa nimeuma ncha ya kanga yangu mpaka nikahisi nyuzi zinakatika.

"Una sindano?" akauliza Refa.

Baba akageukia pazia. "Mwanangu, nipe sindano."

"Labeka, Baba," nikasema, nikapenyeza mkono. Ilikuwa sindano yangu ya kofia. Aliipokea bila ya kunitazama, akampa mgeni.

Refa alitandika leso nyeupe. Akaingiza ncha ya sindano chini ya uzi, pale ambapo mswaki wangu haukufika, akachokoa kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto mwiba. Kikatoka kidonge kidogo, cheusi cha kijivu, laini kama wanja. Akakisaga kwa kidole gumba, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hili nalijua," akasema. "Nimelipaka kwa mikono hii miaka mingi. Halipatikani kila mahali." Kisha akamwonyesha Baba lile jeraha lililobonyea. Akampa lenzi. Mistari ile, alisema, ni mistari ya mti wa gongo, imepigwa chapa ndani ya ngozi, na hakuna sabuni inayoweza kuitoa. Akamwonyesha nyuzi za rangi mbili, mipira ya siku hizi haishonwi hivyo. Akamwonyesha sahihi ya mkuu wa ligi, ambayo niliifanya hafifu lakini sikuiua. "Huu ulichezwa," akasema. "Fundi alisema kweli. Nitaandika hivyo."

Baba alipumua. Nilisikia pumzi ile mpaka kwangu, na mimi nikapumua, na kwa muda wa kupepesa macho nilidhani Mungu amenisitiri.

Refa akakwangua ngozi kwa ubavu wa sindano. Likadondoka kwenye leso vumbi la manjano, na ndani yake chembe za kahawa. Akaliweka kando ya lile la kwanza, leso moja, matope mawili.

"Hili silijui," akasema. "Hili lina siku moja au mbili. Na lina harufu kama ya kanisani. Mtu aliuosha mpira huu, kisha mtu akaupaka hili ili nisijue kama umeoshwa. Nani?"

Baba alichukua mpira kwa mara ya kwanza siku ile, akaunyanyua mpaka puani. Nilimwona kwa ubavu, kupitia pazia. Kanzu yake ilikuwa na ubani ule ule, wa chetezo kile kile, wa siku ile ile. Alifumba macho. Alikuwa karani wa stoo, mtu wa kujua kila kitu kimetoka rafu gani na kimeshikwa na nani. Hakugeuka kutazama pazia. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Ilitosha ninyanyue mkono, nisukume kitambaa, niseme neno moja kwa Kiingereza cha skuli, na neno lenyewe nililijua.

"Mimi," akasema Baba.

Refa alimtazama sana. "Kwa nini?"

"Kwetu kitu cha mtu hakirudishwi kichafu. Nikausafisha. Kisha ikaja kunijia habari ya tope, nikaogopa."

Alisema yote kama yalivyokuwa, kama aliyekuwa amesimama juu yangu siku zote tatu. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa uongo, na mtu yule nilikuwa sijamsikia kusema uongo hata kwa mtoto.

"Ungeuosha tu," Refa akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, "ningecheka na ningekuajiri kesho asubuhi. Lakini nina stoo ya vitu ambavyo kikikosekana kimoja mtu anakufa kwenye kisima. Karani akivunja kitu nataka aje aniambie kimevunjika. Siwezi kumpa funguo mtu anayepaka tope juu."

"Nimefahamu," Baba akasema.

"Pole sana."

"Hapana. Umesema haki. Ningekuwa mimi ningesema hayo hayo."

Refa aliandika karatasi yake hapo hapo, goti likiwa meza, akautia mpira kwenye soksi niliyoifua, soksi kwenye kibati. Akarudisha sindano. Akampa Baba mkono kwa heshima na akainama kupita mlangoni. Tulisikia gari likiondoka sokoni na watoto wakilifukuza.

Mama alitoka nyuma ya pazia. "Ehe? Lini unaanza?"

Baba akamwambia. Alimwambia kwa Kiswahili kile kile alichomwambia mgeni kwa Kiingereza: nimeuosha mimi, nikaupaka tope mimi. Nilidhani alimdanganya mgeni ili asinifedhehi, na kwamba tukibaki wenyewe ukweli utatoka, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Hakuutoa. Mama alisimama katikati ya chumba na vikombe vya watu mikononi.

"Wewe? Miaka mitatu mmelala naye kitanda kimoja mpira huyo, na siku tatu za mwisho ndio ukaona umwogeshe? Umerogwa? Umefanya nini, mume wangu, umetufanya nini?" Akalia. Akamtupia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na Baba aliyapokea yote ameinamisha kichwa, kama mtu anayetia sahihi ya kupokea mzigo. Mimi nilikuwa nimesimama kizingitini. Alinyanyua macho mara moja tu, akaniambia, "Mwanangu, nipe maji ya kunywa." Nikampa.

Aliondoka kabla ya Ramadhani, kama ilivyosemwa, akenda Kuwaiti kuwa mlinzi wa ghala. Alikuwa akilinda mlango. Funguo walikuwa nazo watu wengine. Sisi wanawake tuliachwa tukae chini ya dhamana ya mzee, na kwa miaka mitatu nikawa naogopa kila barua inayotoka kwake, nikidhani hii ndiyo atakayomwandikia Mama ukweli. Nilikuwa mimi ndiye ninayemsomea. Ziliuliza hali, zilitaja joto, zilisema nisiharibu macho kwa kushona. Siku moja niliketi nikaanza kumwandikia Mama mwenyewe, yuko chumba cha pili, maana niliona labda kalamu itakuwa na moyo kuliko ulimi. Nikaandika bismillahi, nikaichana.

Mwaka wa sabini akaja mtawala mpya, mambo yakabadilika, milango ikafunguliwa, na watu wa kwetu wakaanza kuitwa warudi. Baba alirudi amekonda, ndevu zimekuwa nyeupe, na jioni ile chumba kilijaa jamaa waliokuja kumpa mkono. Kicheko kilikuwa kingi. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile nilisikia watu wakisema Kiswahili kwa sauti ya juu, dirisha likiwa wazi. Mama alikuwa na furaha, na akifurahi hutania. Wakaanza kuulizana nani atapata kazi gani serikalini, na mmoja akasema Baba apewe stoo.

"Huyu?" Mama akasema, akimgonga Baba bega. "Mpeni yote lakini msimpe amana. Alipewa ya Mmarekani, akaikogesha kwa ndimu, akaipaka tope, akaifukiza na ubani juu yake!"

Chumba kizima kilianguka kwa kucheka. Mzee mmoja akafuta machozi akamuuliza Baba, "Kweli, bwana?"

"Kweli," Baba akasema, naye anacheka. "Mimi."

Nilikuwa nimesimama mbele yake na birika la kahawa. Alininyooshea kikombe. Nikammiminia mpaka pale anapopenda, sikumwaga hata tone, nikapita kwa mtu wa pili.